Gemu la saa hamsini kwenye kibanda cha dakika kumi

Mpwa wangu alipomaliza chuo Dar na kurudi Mikindani, huku Mtwara, alikaa kwenye benchi la kibanda changu cha gemu, akaangalia runinga zote nne watu wanacheza gemu za mpira, akaniambia: "Mama mdogo, zile gemu za hadithi za Kijapani alizokuwa anacheza mjomba zimekufa. Siku hizi hakuna anayezitaka." Mjomba wake ni kaka yangu, ndiye aliyekianzisha kibanda hiki kabla ya kuhama, na huyu mpwa alikua akimwona anakesha mbele ya Final Fantasy.

Neno lile liliniuma. Nilijua si kweli, lakini nilijua pia kwamba mtu aliyekaa kwenye benchi langu hawezi kuona vingine. Sikubishana naye. Nilimwomba akae Mikindani kwa muda, tucheze moja mpaka mwisho, kibandani, mbele za watu. Tumelimaliza, watu wanane. Naandika tulivyofanya kwa ajili ya wenye vibanda wenzangu wa Mtwara, Lindi, Masasi, Kilwa na popote penye runinga na benchi, na kwa vijana wanaozitamani gemu hizi na nyumbani hawana mashine.

Hesabu ya muda kwanza

Kwangu mechi moja ya mpira ni dakika kumi, shilingi 200. Runinga ikifanya kazi saa nzima bila kupumzika inaingiza 1,200. Gemu la hadithi la Kijapani, lile la kukuza wahusika na kupigana kwa zamu, linakula saa arobaini, hamsini, mengine zaidi. Mtoto wa mvuvi akitaka kulicheza peke yake kwa bei ya mpira, saa 45 ni shilingi 54,000. Hakuna mzazi hapa wa kutoa hela hiyo. Wala mimi siwezi kumwachia runinga wiki nzima huku wenzake wamesimama mlangoni na mia mbili zao mkononi.

Huku kwetu gemu hizi zilipotelea hapo. Diski za kaka yangu zilikuwa kwenye boksi, hazina hata mkwaruzo. Hakuna aliyezionja akazikataa. Dakika kumi hazikufikishi hata kwenye pigano la kwanza la maana, hivyo mtu anaona maneno tu yanapita kwenye kioo, muda wake unaisha, anarudi kwenye mpira.

Dawa ni kuwauzia kikundi. Watu wanane, kila mmoja shilingi 500 kwa jioni moja ya saa mbili. Hiyo ni 4,000, na runinga hiyohiyo kwa mpira ingeniingizia 2,400 kama hakuna dakika iliyolala. Mwenye kibanda hapotezi kitu, anaongeza. Tulichagua Jumatatu na Alhamisi, siku ambazo wateja wa mpira ni wachache, kuanzia saa kumi na nusu alasiri. Adhana ya magharibi ikitoka, tunafunga. Wanafunzi wawili tuliokuwa nao walikuja na ruhusa ya nyumbani, na mwenye sare ya shule haingii kwangu hata kidogo. Simamia hilo tangu siku ya kwanza, maana kibanda kikishasifika vibaya mtaani hakuna mzazi atakayekusikiliza tena.

Kama uko huku kusini, anza msimu wa korosho, Oktoba hivi. Mia tano hazimpigi mtu chenga miezi hiyo.

Gemu gani?

Sisi tulicheza Final Fantasy X, ya mwaka 2001, kwenye mashine ya PlayStation 2, yaani PS2. Nilikuwa na sababu zangu na bado nazitetea. Ndiyo ya kwanza katika mfululizo huo ambayo wahusika wanaongea kwa sauti, kwa hiyo hata asiyesoma anasikia kama mtu analia au anatania. Mapigano yake hayamkimbizi mtu: ikifika zamu yako gemu linasubiri, hata ukienda kuuza vocha na kurudi. Upande wa kulia wa kioo kuna orodha ya nani anafuata kupiga, kwa hiyo benchi zima linaona na linapanga. Na ndani yake kuna timu ya mpira ambayo haijashinda mechi hata moja kwa miaka 23. Ukiwaambia hivyo vijana wa Mikindani, wanakaa.

Final Fantasy XII ya 2006 ni nzuri, lakini mapigano yake yanakwenda yenyewe kwa amri ulizopanga mapema, hivyo aliye na pedi, kile cha mkononi cha kuchezea, anafurahi na wengine saba wanatazama. Persona 3, gemu jingine la Kijapani, ina maneno mengi mno kwa kuanzia. Mkiishaizoea kazi hii mtazifikia.

Pedi moja, watu wanane

Hili ndilo lililofanya kazi kuliko yote. Gemu lina wahusika saba wa kupigana: Tidus, Yuna, Wakka, Lulu, Auron, Kimahri na Rikku. Tukawagawa, kila mtu na wake, na wa nane akawa msomaji. Zamu ya Lulu ikifika, pedi inakwenda kwa mwenye Lulu. Gemu linaruhusu kubadilisha wahusika katikati ya pigano, na anayepata pointi za kukua ni yule tu aliyefanya kitu katika pigano hilo. Kwa hiyo haki ilijisimamia yenyewe. Mtu akijisahau kuingiza wahusika wa wenzake, benchi linamkumbusha kwa sauti.

Lulu tulimpa binti anayeuza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kula, karibu na stendi. Alikuja siku ya kwanza kudai hela yake kwa mteja, akabaki. Lulu ni mtu wa uchawi, na kazi yake ni kujua adui huyu anaogopa nini: wa moto anaogopa barafu, wa radi anaogopa maji, na kinyume chake. Kufikia jioni ya tatu binti yule alikuwa anataja jibu kabla adui hajamaliza kutokea. Wakka ana mpira, anawafikia wanaoruka. Tidus anawawahi wepesi. Auron anavunja magamba magumu. Yuna anatibu, tena anaita viumbe wakubwa ambao vijana waliwapa jina la "majini", kama jini na mashetani, jina likawakaa.

Rikku anajiunga kwa kudumu baada ya safari ndefu. Usimwache aliyempata akae bure majuma yote hayo. Sisi tulimpa daftari la kikundi na ulinzi wa memori kadi, ile inayotunza gemu mlipofikia. Na gemu likikuuliza mwanzoni uchague ramani ya kukuza wahusika ya kawaida au ya wajuzi, chagua ya kawaida.

Msomaji

Maneno yote ni ya Kiingereza, na katika wanane wetu waliokuwa wanakielewa vizuri ni wawili. Hapa wengi hukata tamaa. Lakini sisi ni watu tuliokulia kwenye mabanda ya video, filamu inatafsiriwa na mtu mmoja mwenye kipaza sauti na ukumbi mzima unacheka kwa pamoja. Kwa nini gemu lisitafsiriwe?

Msomaji akae kando ya runinga akiwatazama watu, asikipe kioo uso wake wote. Asitafsiri neno kwa neno. Aseme kile ambacho mtu wa Mikindani angesema mahali hapo. Tidus, kijana ambaye hadithi ni yake, anapomlaumu baba yake, mpwa wangu hakutafuta maneno ya kitabuni, alisema, "Mzee alikuwa anajisifu mitaani, nyumbani hata jina langu haliiti." Kijana mmoja akainamisha kichwa. Mazungumzo mengi yanasubiri ubonyeze, kwa hiyo bonyeza msomaji akishamaliza. Pale yanapojiendesha yenyewe, acha yaishe, kisha eleza.

Kuna kabila humo ndani, Al Bhed, lina lugha yake ambayo Kiingereza cha shuleni hakiisaidii. Unaokota vitabu 26 njiani, kila kimoja kinakufungulia herufi moja. Siku tulipowafikia watu hao, yule mwanafunzi wetu anayeongoza kwa Kiingereza alitoa macho kama sisi wengine. Binti wa ming'oko akasema, "Haya, leo wote tuko darasa moja." Tangu siku ile aliuliza maana ya maneno bila haya.

Nieleze jioni moja kwa kirefu, maana huo ndio ushahidi niliokuwa nao.

Mwanzoni mwa safari, wako baharini wanakwenda Kilika, kijiji cha nyumba za mbao zilizosimama juu ya maji. Jitu kubwa liitwalo Sin linatokea baharini na kukifagia kijiji. Wanapofika wanakuta mbao zinaelea na watu wanalia gatini. Wafu wamefungwa kwenye vitambaa na maua, wamelazwa chini ya maji. Jua linazama. Yuna anavua viatu, anatembea juu ya bahari, anaanza kucheza ngoma yake ya kuwasindikiza. Maji yanainuka chini ya miguu yake, mienge inageuka rangi, na roho zinapanda juu kama vimulimuli. Lulu anaeleza kwamba wasiposindikizwa, wafu huwaonea wivu walio hai, na wivu ule huwageuza kuwa mazimwi.

Hapa Mikindani hatuhitaji kuelezwa bahari ikija nyumbani ni nini. Aprili 2019 tulipoambiwa kimbunga Kenneth kinakuja, watu walibeba watoto na magodoro kuelekea juu, mpaka kikaenda kutua upande wa Msumbiji. Vijana wangu walikuwa wadogo wakati ule, lakini wanakumbuka. Kibanda kilinyamaza. Runinga za mpira upande wa pili zilinyamaza pia, wachezaji wamegeuka. Mlangoni alikuwa amesimama mzee mmoja mvuvi aliyekuja kumwita mjukuu wake. Akauliza, "Binti, huyo msichana anawaombea?" Nikamwambia, ndiyo babu, anawasindikiza. Akavua kofia, akasimama hadi mwisho, na mjukuu hakumchukua.

Mpwa wangu ndiye aliyekuwa anasoma jioni ile. Sauti ilimkatika, ikabidi mwanafunzi amalizie.

Kusevu, na tulivyopoteza jioni tisa

Gemu hili halisevu popote unapotaka. Kuna tufe maalumu njiani. Ukiligusa linasevu na linawaponya wahusika wote. Kwa hiyo saa kumi na mbili kamili acheni kutanga, anzeni kutafuta tufe. Adhana ikiwakuta katikati ya pango mtajuta.

Sasa kosa letu. Memori kadi ya PS2 ni megabaiti 8, na kwenye kibanda cha mpira hujaa haraka. Baada ya jioni ya tisa, mteja mmoja alitaka kusevu usajili wa timu yake, nafasi hakuna, akafuta faili lisilomhusu. Lilikuwa letu. Saa kumi na nane zilikwenda. Aliyefuta hakuwa na nia mbaya na hakujua. Kosa lilikuwa langu kuiacha kadi kwenye mashine. Vijana walikaa kimya muda mrefu. Binti wa ming'oko akasema tuanze upya, na safari hii yeye awe anasoma nusu ya jioni, maana hadithi ameshaijua na maneno amesharudia nyumbani. Tukaanza upya.

Tangu hapo tuna kadi mbili. Kila jioni tunasevu kwenye zote mbili, nafasi ya kwanza na ya pili, kisha moja inakwenda nyumbani kwa mwenye Rikku ndani ya kopo la biskuti. Kadi ya kikundi haichezewi mpira kamwe. Umeme ukikatika mnapoteza tangu tufe la mwisho tu, ndiyo maana tukiliona tufe tunaligusa hata kama tumesevu dakika tano nyuma. Na hewa ya chumvi inaua mashine: funika PS2 kwa kitambaa usiku, isikae sakafuni wala dirisha la upande wa bahari.

Mpira wa chini ya maji

Timu ya Wakka inacheza mashindano mjini Luca. Ni mpira wa ndani ya maji, wachezaji sita kila upande, vipindi viwili vya dakika tano. Kwenye meli ya kuelekea Luca kuna mpira umelala sitahani. Uendee, ufuate vitufe kwa wakati wake, Tidus atajifunza pigo la baba yake, ambalo litawasaidia sana. Fainali ni ngumu. Waambieni vijana mapema kwamba mkifungwa hadithi inaendelea vilevile, maana wetu walifungwa mabao mawili na mmoja alitaka kuzima mashine.

Adui wa kujiandaa naye ni Yunalesca, kule mwisho mwisho. Anawageuza wahusika mazombi, hali ambayo dawa inawaumiza badala ya kuwaponya. Mwenye Yuna atataka kuwasafisha wote haraka. Mkatazeni. Akifikia umbo lake la tatu anatoa pigo linaloua kila asiye zombi, kwa hiyo wawili wabaki hivyohivyo. Sisi tuliangamia mara mbili, na kila mara tuliyatazama tena mazungumzo yote yanayomtangulia, maana toleo hili halikuruhusu kuyaruka.

Akikwambia zimeshuka

Mpwa wangu alikuwa na hoja na sikuzipuuza. Muulize anayesema hivyo: zimeshuka wapi, kwenye mashine gani, miaka ipi?

Gemu hizi zilipata sura yake mwaka 1986, Yuji Horii alipotengeneza Dragon Quest kwa kampuni ya Enix, michoro ikiwa ya Akira Toriyama. Alichukua gemu za kompyuta za Marekani, Ultima na Wizardry, akazirahisisha zichezeke kwa pedi mbele ya runinga. Final Fantasy ya Square ikafuata 1987. Kilichozitoa Japani kwa kishindo ni Final Fantasy VII ya 1997, diski tatu. Kuanzia hapo mpaka katikati ya umri wa PS2, dunia nzima ilizicheza.

Halafu kweli zikayumba. PS3 ilitoka 2006 na picha zake kali zilipandisha gharama ya kutengeneza mno. Kampuni nyingi za Kijapani zikahamia kwenye mashine za mkononi, DS na PSP. Dragon Quest IX ya 2009 ilitoka kwenye DS. Final Fantasy XIII, mwaka huohuo, ililaumiwa kwa njia yake nyembamba isiyo na pa kukata kona. Wakati huo Wamarekani na Wakanada walikuwa na Mass Effect, na mwaka 2011 Skyrim, ulimwengu ulio wazi. Aliyekuwa anaangalia runinga kubwa za Ulaya na Marekani aliona Wajapani wamepotea. Aliyepanda treni Tokyo aliziona mikononi mwa watu.

Na Pokémon, iliyoanza 1996, ni gemu la aina hiihii: unakuza viumbe, unapigana kwa zamu, unazunguka miji. Novemba 2022 Scarlet na Violet ziliuza nakala milioni 10 kwa siku tatu. Watu wanapohesabu kushuka huwa wanaisahau, sijui kwa nini. Mwaka 2017 Persona 5 ilifika kwa Kiingereza na Nier: Automata ikatoka. Oktoba 2024 Metaphor: ReFantazio iliuza milioni moja siku ya kwanza. Mwaka 2025 Wafaransa wa Montpellier walitoa Clair Obscur: Expedition 33, mapigano ya zamu, na hawakuficha kwamba wamelelewa na gemu za Kijapani. Kitu kilichokufa hakizai watoto Ufaransa.

Nilimwambia mpwa wangu jingine. Ule mpira wa PES unaochezwa kibandani kutwa ni kazi ya Konami, kampuni ya Kijapani, na Konami hiyohiyo ilitoa Suikoden, gemu la hadithi, mwaka 1995. Vijana wa hapa hawakuwahi kuwakataa Wajapani. Walipewa cha dakika kumi, wakakipenda.

Alikubali, ila aliongeza lake, na ni la haki: hata zikiwa hai, mashine mpya na gemu mpya ziko mbali na mfuko wa Mikindani. Ndiyo maana nasisitiza PS2 na gemu za zamani. Miaka zaidi ya 20 haijalizeesha lile tukio la Kilika.

Baada ya kumaliza

Tulimaliza jioni ya 33, tukihesabu na zile tisa zilizofutwa. Msomaji alikuwa binti wa ming'oko kwa sehemu yote ya mwisho. Mwenyewe alisema wengine wangeharakisha. Watu waliosimama nje ya dirisha walikuwa wengi kuliko waliokaa ndani, na sikuwatoza.

Oktoba tunaanza Dragon Quest VIII, ya mwaka 2004, nayo ni ya PS2. Daftari lina majina kumi na mawili, akiwemo yule mjukuu wa mvuvi. Shida ni kwamba humo wahusika ni wanne tu. Kwa hiyo tunafanya vikundi viwili vya watu sita, Jumatatu kimoja na Alhamisi kingine, kila kikundi na kadi zake: wanne wa kupigana, msomaji mmoja, na mmoja wa daftari, wakibadilishana kila jioni. Kadi nne nimeshazinunua. Bado kopo la biskuti la pili.